Jina Lako Limekosa Mtu

Mbekenyera, Ijumaa asubuhi

Mjomba,

Leo ndiyo arobaini yako. Wanawake wanatwanga tangu alfajiri, wali wa sadaka unapikwa uani kwa Mama, na mimi nimejifungia ndani ya nyumba yako na kalamu. Najua ungesema nini. Ungesema, Saidi, wenzako wanabeba kuni wewe unabeba kalamu. Haya, sema. Leo sikujibu.

Najua pia kwamba hujui kusoma. Kule melini mimi ndiye niliyekuandikia salamu za nyumbani, wewe umesimama begani kwangu unalalamika kwamba maneno uliyosema ni mengi na mistari niliyoandika ni michache. Mara hii sifupishi chochote, maana nimebanwa na sina mwingine wa kumwambia.

Shida yenyewe ni hii. Baada ya swala na dua, wazee watakaa barazani waulize nani atakayevaa jina lako. Desturi yetu unaijua kuliko mimi: jina la mjomba halizikwi naye, linachukuliwa na mpwa, na huyo mpwa ndiye anakuwa yeye. Dada wa marehemu ni dada zake, shamba ni lake, na lawama ni zake pia. Zamu ni ya kaka yangu Bakari, kwa kuwa ndiye mkubwa. Bakari amekataa. Amekataa mbele ya Mama, wala hakupunguza sauti. Amesema, "Siwezi kuitwa jina la mtu aliyeuza mvua."

Mama hakulia. Alichukua ungo wake akaendelea kupepeta. Mimi nilitaka kumzaba Bakari kofi, lakini ni mkubwa wangu, basi nikatoka nje nikaupiga teke mtungi. Ukapasuka. Mama akanigombeza mimi, Bakari akaachwa hivi hivi. Hasira zangu unazijua, kila siku zinaishia pabaya.

Asipopatikana mtu leo, jina linafungwa. Hakuna mtoto wa ukoo huu atakayeitwa Nalinga tena, na sisi tutakutaja kwa kusema "yule." Baada ya Bakari, anayefuata ni mimi. Mjomba, naogopa, nakwambia wazi. Siogopi wanayosema watu, kwa sababu mimi nilikuwepo. Naogopa kwa kuwa kuna jambo moja ambalo hata mimi niliyekuwepo silijui, na wewe umeondoka nalo.

Nitafika huko. Kwanza niache nizitaje safari zetu, maana tangu ufe hakuna anayezitaja ila kwa kukutukana.

Si unakumbuka tulivyoanza. Mitambo ilikuwa inang'oa miti kule Nachingwea ili wazungu walime karanga, wanyama wanakimbia kila upande, na nyuma yao akaja yule bwana wa makasha. Jina lake lilitushinda tukamwita Bwana wa Wanyama. Alikuwa akiwakamata na kuwapeleka kwenye bustani za Ulaya, akakuajiri wewe uwatunze njiani, nawe ukanichukua mimi nikate majani. Watu wa Mbekenyera wakatucheka kwamba tumekuwa yaya wa nyani.

Umesahau ule mfereji wa jangwani? Meli inapita katikati ya mchanga, huku mchanga, kule mchanga, na ukingoni kuna mzee juu ya punda. Ukampigia salamu kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto Mbwemkuru. Mzee akaitikia, wa alaikum salaam, kisha akaongeza maneno mengi. Ukanigeukia kwa fahari ukasema anauliza habari za nyumbani. Neno hata moja hukulijua, Mjomba, lakini ulimjibu kwa Kimwera mpaka meli ikampita. Ulimweleza hata habari za mihogo.

Na kule Ulaya, yule bibi aliyetupeleka nyuma ya nyumba yake kutuonyesha kaburi la mbwa. Lina jiwe, na jina limechongwa. Mimi nikataka kucheka, wewe ukanikanyaga mguu ukavua kofia. Tulipotoka ukaniuliza sasa ni nani anayeitwa kwa jina la yule mbwa. Nikasema hakuna, kwao jina likishaandikwa juu ya jiwe limekwisha. Ukasema, "Maskini." Sikujua kama ulimwonea huruma mbwa au ulimwonea huruma bibi.

Kule kisiwani Seiloni ndiko ulikocheka. Kwetu tembo akiingia shambani tunapiga madebe na kumwomba Mungu. Kule tembo amelala ubavu mtoni, na mtu mwembamba kama wewe anamsugua sikio kwa kumbi la nazi huku anamgombeza. Hukuamini macho yako. Ukaomba na wewe umsugue, ukaingia majini na nguo zako, na yule tembo akakuvua kofia kwa mkonga akaizamisha. Watu wa ukingoni walicheka, mimi nilicheka, na wewe ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukasema tembo wa kwetu hawana kosa, tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuwasugua masikio.

Lakini nikikukumbuka, mara nyingi nakukumbuka na chui. Tulikuwa chini kabisa melini na ndoo ya nyama, bahari imechafuka, tukaona kasha la chui liko wazi. Yeye yuko juu ya marobota ya majani, mkia unachezacheza. Ulinisukuma ukutani kwa mkono mmoja. Ukaniambia taratibu nisimtazame machoni, nitazame miguu yako. Basi nikatazama miguu yako, nikaiona inakunjama. Ulikaa chini, Mjomba! Ulikaa juu ya kile chuma na kuanza kumsimulia chui habari za Mama, kwamba una dada, kwamba dada yako ana mdomo, kwamba akisikia umeliwa atamfuata huyo chui mpaka huko alikotoka. Kwenye ngazi baharia ameshika bunduki na mikono yake inatetemeka, nami nilimwogopa yeye kuliko chui. Ukaisukuma ndoo polepole mpaka ndani ya kasha. Chui akashuka. Akapita karibu nawe, shuka yako ikatikisika kwa pumzi yake. Akaingia kula. Ukaufunga mlango kwa mguu, na baada ya hapo hukuweza kusimama, nikakuinua mimi. Tukakubaliana tusimwambie mtu kwamba shuka ilikuwa imelowa. Sijamwambia mtu.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Ule mwaka mvua zilichelewa. Wanawake wa Mandawa wakiwa porini wanachimba ming'oko, mizizi ya kula wakati wa njaa, wakamkuta kakakuona. Mdogo, ameinama anatembea zake kama mzee aliyepoteza kitu. Wakamleta kwa ngoma kama inavyotakiwa. Sisi wawili tulikuwa nyumbani, tunamsubiri Bwana aje atuchukue kwa safari iliyokuwa kubwa kuliko zote, ya Amerika. Wazee wakamtandikia mbele yake vitu ili atabiri mwaka: unga, maji katika kibuyu, mkuki, na kitambaa cheusi. Kakakuona akakaa amejikunja mpaka tukachoka, kisha akajikunjua, akaupita unga, akaupita mkuki, akaenda kwenye maji akatia pua. Vigelegele vilipigwa hadi nikaziba masikio. Mwaka wa mvua.

Iliyobaki ilikuwa kumrudisha. Na kumrudisha ndiyo kazi. Abebwe na mtu mmoja mpaka kwenye shimo lake lile lile, awekwe kabla jua halijazama, na aliyembeba asimwambie mtu yeyote habari ya njia yake, wala mahali alipomweka, maisha yake yote. Akisema, wenye tamaa ya magamba watamfuata. Jua likizama yeye yuko nje, alichokitabiri kinageuka. Wazee wakakuchagua wewe, kwa kuwa wanyama walikuwa wanakusikia.

Ukamfunga katika shuka, nami na watu wengine tukakusindikiza, mwisho wetu njia panda. Hapo njia panda ndipo lori la Bwana lilipotukuta.

Sijawahi kumwona yule mzungu vile. Aliuona mkia tu akaruka chini kabla lori halijasimama. Alikuwa amemtafuta kakakuona tangu aingie nchi hii. Akakushika mabega akakwambia kwa Kiswahili chake, "Nalinga, huyu ndiye safari yetu." Akamchukua mwenyewe, akamtia kwenye kasha, akagongomea. Watu waliokuwa nyuma yetu wakafika. Walimwona kakakuona anapakiwa. Walikuona unapanda nyuma ya lori na kukaa karibu na kasha, umenyamaza. Ndivyo wanavyosimulia mpaka leo, na hawasemi uongo. Ndivyo walivyoona.

Nilikuuliza kwa macho mbona hukatai. Ukatikisa kichwa kidogo tu. Bwana alikuwa na bunduki na kibali cha serikali, na vijana wetu walikuwa wameshaanza kuokota mawe. Mawe yale yangerushwa, wa kwenda jela wasingekuwa wazungu. Nikapanda na mimi.

Lori likapanda kile kilima na jua linashuka. Kila nikitazama magharibi jua limeshuka zaidi, na kila gurudumu linavyozunguka tunazidi kuliacha shimo nyuma. Kisha injini ikachemka. Mvuke ukatoka mbele, dereva akafunga breki, na Bwana akapiga kelele kwamba Nalinga achukue debe akatafute maji kijitoni.

Mjomba, sijawahi kuona mikono inakwenda vile. Ulizing'oa misumari kwa ncha ya panga bila kutoa sauti. Kakakuona alikuwa amejikunja duara, ukamwinua ukamtia ndani ya debe, ukamfunika kwa majani. Mimi nikaviringisha jiwe katika gunia nikalitia kwenye kasha ili liwe zito. Ukaniambia, "Kaa juu ya kasha. Usishuke mpaka uone maji."

Ukaondoka na debe begani, na panga ukaliacha. Dereva akakuita ulifuate, maana lile pori lilikuwa la simba. Tangu mitambo iwafukuze Nachingwea walikuwa wameshakula watu huko Likunja. Hukugeuka. Ulikuwa unatembea kama mtu anayefuata maji, mpaka miti ikakufunika, kisha nikasikia majani yanavyovunjika nikajua unakimbia.

Bwana akaja nyuma ya lori. Alitaka kumwona tena kakakuona. Nikamwambia amejikunja, Bwana, ukimsumbua hatakula, na yeye alijua kwamba hilo ni kweli. Akagonga ubao kwa kidole. Akaweka sikio. Mimi nikaanza kukohoa, nikakohoa mpaka kikawa kikohozi cha kweli. Akanitazama sana. Akaniambia nishuke nipishe. Nikamwambia mguu umekufa ganzi, nami sikudanganya, ulikuwa haupo kabisa. Dereva akamwita mbele kwa jambo la injini, akaenda.

Na jua likazama. Niliona lilivyozama, Mjomba. Lilikuwa kati ya mashina ya miti, kisha halikuwepo. Wewe ulikuwa bado. Mbali huko simba akanguruma, dereva akawasha taa, Bwana akashika bunduki yake akawa anaita jina lako. Nami nimekaa juu ya jiwe.

Ulikuja kiza kimeshaingia. Debe limejaa maji, miguu imechanika, kofia haipo. Ukamimina maji kwenye injini, ukapanda, ukakaa. Nilikutazama usoni nione kama ni ndiyo au siyo. Nikakuuliza kwa sauti ya chini. Hukujibu.

Kule Lindi kasha likakutwa na ubao uliovunjika na hamna kitu ndani. Ubao tuliuvunja sisi, na lile jiwe tulikuwa tumeshalitupa njiani. Bwana alilitazama kasha, akakutazama wewe, muda mrefu. Hakufoka. Alisema tu kwamba hatuhitaji sisi wawili tena. Meli ikaenda Amerika, sisi tukarudi nyumbani juu ya malori ya karanga, na dunia yetu ikaishia hapo.

Mvua ilinyesha kidogo ikakata. Mahindi yakakauka yakiwa chini ya magoti. Hata karanga za wazungu, na mitambo yao yote, zilisinyaa. Watu walikula ming'oko mpaka pori likabaki mashimo, na mtoto wa Bi Somoe, jirani yetu, akafa, naye alikuwa ndiye pekee. Ndipo neno likaenea kwamba Nalinga ameuza mvua. Mkeo akarudi kwao. Msikitini watu waliacha nafasi kushoto na kulia kwako. Wewe ukalima ufuta wako na hukufungua mdomo. Mimi sikuruhusiwa kuufungua, maana uliniambia mara moja tu tulipokuwa tunarudi: uliyoyaona umeyaona ukiwa nami, kwa hiyo ni yangu.

Miaka yote hii najua nusu. Najua ulimbeba. Sijui kama ulifika. Kama ulifika kabla ya jua, basi watu hawa wamekudhulumu mpaka umeingia kaburini. Na kama hukufika, je? Kama ulikimbia na debe begani na simba mbele yako, na jua likakushinda hatua chache tu, ndipo mtoto wa Bi Somoe akafa?

Siku ile ya mwisho, homa imekukausha, nilikuinamia sikioni nikakuuliza neno moja. Ulifika? Ulinisikia, usinidanganye. Ulinitazama vizuri kabisa. Ukasema, "Saidi, fungua dirisha." Nikaenda kufungua. Nilipogeuka ulikuwa umeshakata roho. Nilikukasirikia, Mjomba. Nilikulilia na kukukasirikia kwa pamoja, na bado nina hasira.

Wananiita. Watu wameshatoka msikitini. Sijui nitasema nini.

*

Jioni

Mjomba,

Nimerudi.

Dua ilisomwa, watu wakala. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, wengine nadhani walikuja kuona jina linavyofungwa. Mzee wa ukoo akauliza nani atamvaa Nalinga. Bakari akawa anakagua kucha zake. Mzee akauliza tena. Nilimwona Mama. Hakunitazama mimi, alitazama mlango wa nyumba yako.

Sikuwa nimeamua. Nilijikuta nimesimama. Mzee akaniuliza, "Unajua unachokivaa?" Nikasema najua nusu yake. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Wakanipaka unga wa maji kwenye paji la uso, wakanivisha kanzu yako. Ni fupi, Mjomba, nimeonekana kama mtu anayevuka mto. Kisha Mama akaja. Mama yangu aliyenizaa akapiga goti mbele yangu akasema, "Shikamoo, kaka."

Nilitakiwa kuitika marahaba. Nikaitika kwa kichwa. Akanishika mkono, akaubana sana, kama alivyokuwa anakubana wewe ukirudi safari. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wananisalimu kwa jina lako. Nikaanza kudhani yamekwisha.

Ndipo Bi Somoe akainuka. Amezeeka, nguo aliyovaa ni ile ile ya kila msiba. Alikuja taratibu mpaka mbele yangu, watu wakampisha. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Nalinga, mvua yetu iko wapi?"

Wote wakageuka. Bakari naye akainua kichwa. Mjomba, nilikuwa nayo yote mdomoni: kasha, jiwe, debe, simba, miguu yako iliyochanika. Ningesema maneno machache tu, na kesho msikitini watu wangekuwa wanalia kwa kukukosea. Nilifungua mdomo. Nikaona kwamba hakuniuliza mimi Saidi niliyekaa juu ya kasha. Saidi angeweza kusema. Aliyeulizwa ni yule aliyetumwa na kukatazwa kusema.

Nikaufunga.

Alisubiri. Alinitazama usoni atafute kitu, kama nilivyokutazama wewe siku ile nyuma ya lori. Kisha akatema mate pembeni akaenda zake, na watu wakaanza kutafuta viatu vyao.

Kumbe ndivyo inavyouma. Sikujua. Nilikaa na wewe miaka yote hiyo, nikala chungu kimoja na wewe, nikadhani najua. Pole, Mjomba. Pole sana.

Sikuulizi tena kama ulifika. Nakuahidi sitajitetea, leo wala siku yoyote. Bi Somoe nitampalilia shamba lake mvua zikianza, na akinifukuza nitarudi kesho yake. Mama nitamtunza kama dada. Bakari nitamsamehe, lakini si wiki hii.

Barua hii nikimaliza inaingia jikoni chini ya sufuria, kwa sababu imesema yasiyosemwa. Pumzika. Huko uliko utaulizwa na Anayejua, na kwake unaweza kujibu. Huku nitaulizwa mimi.

Kwaheri, Mjomba wangu.

Ni mimi,
Nalinga